Mstari wa Rangi ya Kucha

Jumapili za nyumba ile zilikuwa tamu, jamani. Sisemi utamu wa kula, nasema utamu wa kukaa. Bati za karakana zilikuwa na matundu madogo madogo, na asubuhi jua lilipopenya, mwanga ulisimama hewani kama vijiti, na vumbi la chuma likaelea ndani yake bila haraka yoyote ya kutua. Katikati ya mwanga huo, juu ya magogo manne, lilikaa gari lisilo na milango, lisilo na boneti, lisilo na rangi. Kulizunguka walikuwa watu watano, kila mmoja na kazi yake mkononi, redio ikiimba kwa sauti ya chini.

Mama wa nyumba alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa imehamia karakana tangu mradi uanze, na pale pembeni alikuwa anashona viti vya gari kwa turubai nene, mishono miwili miwili. Kila alipokanyaga pedeli, mawazo yalimchukua. Aliliona gari limekwisha, linapanda jabali kubwa la kijivu, gurudumu moja juu, jingine chini, mwili wote umelala upande lakini halianguki. Linapanda tu, taratibu, kana kwamba lina siku nzima. Wakati mwingine sindano ilifika mwisho wa kitambaa naye bado yuko huko juu ya jabali.

Kwa asiyejua, magari haya si ya mbio. Ni ya kupanda miamba. Mtu anayetembea kwa miguu huliacha gari kama hili nyuma. Tairi zake ni kubwa na laini, hujazwa upepo kidogo ili zilishike jiwe, na sifa ya dereva si kukanyaga mafuta bali kujua lini asikanyage. Ukilitazama kwa mbali unaweza kudhani umelala na unaota.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea. Nusu ya mageti ya mtaa yalitoka mikononi mwake. Gari lenyewe lilianza kama pikapu kuukuu iliyokaa nyuma ya nyumba miaka mingi hadi kuku wakaigeuza hospitali ya wazazi. Aliyewahamisha kuku hao alikuwa mwokaji mikate, rafiki wa fundi tangu shuleni, mtu mnene mwenye mzaha usiokwisha, ambaye tangu siku hiyo alijipa cheo cha mkurugenzi wa mayai. Wa nne alikuwa kaka mkubwa wa mshonaji, mpima viwanja mstaafu. Huyo watu walimwita Kipimo, maana hata chai alipomiminiwa aliinama kuangalia kama kikombe kimekaa sawasawa. Na wa tano alikuwa binti wa nyumba, mwaka wa mwisho chuoni, ambaye vidole vyake vyembamba vilifika mahali ambapo vya wanaume viligoma.

Walikuwa na utaratibu wao ambao sijauona kwingine. Fundi akishakaza nati kwa spana kwa mara ya mwisho, alimwita mkewe. Mshonaji alikuja na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akapiga magoti, na kwa mkono uliozoea chaki na kitambaa akachora mstari mmoja mwembamba kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika katikati, na mtu yeyote anauona. Mistari muhimu kuliko yote ilikuwa minane ya uvunguni, kwenye masikio ya chuma ambayo fundi mwenyewe aliyachomelea ili yaishike ekseli ya nyuma. Masikio hayo yakiachia, ekseli inaondoka, na gari lililo juu ya mwamba halina tena miguu.

"Mke wangu, njoo utie sahihi," fundi alizoea kusema, na mkewe alicheka kila mara.

Sasa sikilizeni. Mtu huyu hakuwa mlevi. Hakumpiga mke, hakutukana, hakurandaranda. Ukiuliza mtaani utaambiwa ni mtu mwema, na ni kweli. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu usiouzwa dawa dukani: hakuwa mtu wa kuambiwa. Ukimwambia kazi yake ina kasoro, hakujibu. Alinyamaza. Na kunyamaza kwake hakukuwa kwa saa moja wala mbili. Siku binti alipomwambia, "Baba, dirisha hili umeliweka upande," alinyamaza siku sita. Alikula, akanawa, akaenda kazini, akarudi, akawapita watu wa nyumba yake kama anavyopita viti. Siku ya saba alianza kuongea kana kwamba hakuna lililotokea. Dirisha lipo upande hadi leo.

Basi nyumba ikajifunza. Chumvi ikizidi kwenye mboga aliyopika yeye, ilikuwa sawa. Geti likikwaruza, lilikuwa sawa. "Iko sawa" likawa neno la kwanza na la mwisho katika nyumba ile, na hata marafiki wakalishika bila kufundishwa. Ni nani kati yetu asiyeijua nyumba ya namna hii? Wengine tunaishi ndani yake.

Tena mshonaji alikuwa na sababu yake ya pekee. Miezi ile ya gari ilikuwa imemrudishia mume. Fundi aliimba. Alimletea mkewe maji pale kwenye cherehani bila kuombwa, na mara mbili tatu alimwita "mrembo wangu", jina ambalo hakulitumia tangu binti yao alipokuwa hajaanza kutembea. Mshonaji alitembea ndani ya siku hizo kwa kunyata, asije akaziamsha.

Gari likakamilika. Jumapili moja wakalijaribu kwenye korongo lenye mawe madogo, karibu na mto. Lilipanda, likashuka, likapanda tena. Mwokaji alipewa zamu ya kuendesha huku fundi ameketi kando yake, akaimba njia nzima. Walirudi na tope hadi kwenye nyusi, wakicheka kama watoto. Fundi alitangaza kwamba Jumamosi watakwenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, ambako wenye magari kama hayo hukutana, na yeye na binti yake watapanda mwamba mkubwa kuliko yote.

Jumatatu wanaume wakiwa kazini, mshonaji alichukua ndoo na brashi akaingia uvunguni kuosha tope. Maji yalitiririka, na mistari myekundu ikajitokeza mmoja mmoja. Wa kwanza umenyooka. Wa pili umenyooka. Alihesabu polepole, karibu usingizi umchukue kwa baridi ya udongo na harufu ya grisi, mpaka akafika wa nane.

Wa nane ulikuwa umekatika. Nusu ya juu ilikuwa imesogea upana wa ukucha. Alipofuta vizuri kwa kitambaa aliona na kingine, pale ambapo sikio limeunganishwa na fremu: ufa mwembamba kama unywele, wenye rangi ya kutu.

Alilala pale chini akiutazama. Alijua maana yake. Nati haikuwa na kosa, nati ilisogea kwa sababu sikio lilikuwa linacheza. Kosa lilikuwa kwenye uchomeleaji wa mumewe, kazi ambayo mtu huyo aliipenda kuliko jina lake. Alimwona tayari akisikia habari ile. Aliona uso unavyofunga. Jumamosi ingepita hivyo, na Jumapili baada yake, na wimbo ungekufa, na "mrembo wangu" angerudi alikokuwa.

Pengine ni mkwaruzo tu, alijiambia. Pengine ulikuwapo tangu zamani.

Akachukua spana, akaisukuma nati kwa nguvu zake zote hadi ikakaa. Kisha akaleta dawa ya kuondolea rangi, akaufuta mstari uliokatika, akachora mwingine. Ulinyooka vizuri. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumtia aibu baadaye.

Ijumaa alasiri Kipimo alifika na tochi yake kufanya ukaguzi. Aliingia uvunguni, miguu ikabaki nje. Mshonaji alikaa kwenye cherehani akijifanya anashona. Kule nyuma, upande wa kulia, kaka yake alikawia.

"Vipi huko, shemeji?" fundi aliuliza.

Kipimo alikohoa. "Mistari yote minane imenyooka," alisema. "Iko sawa."

Mshonaji alishusha pumzi, akaendelea kukanyaga pedeli.

Jumamosi ilikuja na ukungu mwepesi. Machimbo yale yalikuwa bakuli kubwa la mawe, na ukungu ulikuwa umelala chini yake kama maziwa. Magari ya watu wengine yalipanda mwamba moja baada ya jingine, bila kishindo, yakitokeza juu ya ukungu na kupotea. Hakuna aliyepiga kelele. Mshonaji alisimama akitazama, na kwa kitambo alisahau kila kitu, maana ilikuwa kama ile ndoto yake ya kwenye pedeli, ila sasa miguu yake ilikuwa imelowa umande.

Zamu yao ikafika. Binti alipanda akaketi kando ya baba yake, kazi yake ikiwa kutazama gurudumu la kushoto. Alivuta mikanda ya usalama ambayo mama yake aliishona kwa mkono, akaifunga. Mshonaji alisogea hadi kwenye gari akashika bomba la chuma.

"Mume wangu..."

Fundi aligeuka akiwa na furaha usoni. "Naam, mrembo wangu?"

Macho yake yakaangukia mikanda. "Mmefunga mikanda?"

"Tumefunga, Mama," binti alijibu, na kwa nini alikwepa macho ya mama yake, mshonaji hakuelewa wakati ule.

Gari likaanza kupanda. Kipimo alisimama mbele kwenye jiwe akielekeza kwa mikono. Kushoto kidogo. Njoo. Njoo. Simama. Ngazi ya kwanza ya mwamba ilipita. Ya pili ikapita. Gari lilikuwa zuri, nisiwafiche. Lilijikunja na kujinyoosha, na pua yake ikaanza kutazama mawingu. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko mtu. Magurudumu ya mbele yakaishika, gari likasimama karibu wima, na uzito wote ukarudi nyuma.

Kutoka chini mshonaji aliiona ekseli. Ilisogea. Gari lilikuwa limetulia, lakini ekseli ya nyuma ilijisogeza peke yake kuelekea kulia, kama mtu anayegeuka usingizini.

"Simama!" alipiga kelele. "Simamisha! Mshushe mtoto!"

Watu wote wakageuka. Fundi alikanyaga breki, gari likaning'inia pale.

"Kuna nini?"

"Mstari wa nane!" Alikuwa analia sasa, mbele ya kadamnasi, watu asiowajua. "Ulikatika! Niliuona Jumatatu, nikaufuta nikachora mwingine. Sikio lina ufa. Nilikuficha, mume wangu. Mshushe mtoto!"

Fundi alitazama mbele. Binti hakusubiri ruhusa. Alifungua mkanda, akashika bomba, akateremka kwa makalio juu ya jiwe mpaka mjomba wake akamdaka.

"Shemeji, kaza breki hivyohivyo," Kipimo alisema kwa upole. "Tunaleta kamba. Tutalishusha taratibu, hakuna haraka."

Ingekuwa rahisi hivyo. Kamba ilikuwa tayari inafunguliwa. Lakini mke wake alikuwa amemwambia, tena mbele ya watu, na uso wa fundi ulikuwa umefunga. Hakujibu. Hakumtazama mtu. Alitaka kuonyesha kwamba kazi yake haina ufa, akakanyaga mafuta.

Sikio likaachia. Mlio wake ulikuwa mdogo sana, kama kijiti kuvunjika. Ekseli ikachomoka upande mmoja, gari likaegemea, likakaa hivyo kwa muda uliotosha mtu kusema jina lake, kisha likabingirika ngazi zote tatu kwenda chini, polepole, kwa namna ambayo mshonaji aliona kila kitu: anga, tairi, viti vyake vya turubai, mkono wa mumewe uliotoka nje ukitafuta pa kushika.

Mabomba aliyoyachomelea mwenyewe kuzunguka kiti hayakupinda, na ndiyo yaliyomwachia roho. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili na mbavu mbili zikapasuka. Upande aliokuwa amekaa binti ulipigwa na jiwe hadi turubai likachanika kutoka juu hadi chini.

Kesho yake alasiri wote walikuwa hospitalini, kwenye chumba chenye pazia la kijani lililokuwa likivutwa na upepo na kuachiwa. Fundi alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta hadi begani. Hakuwa amesema neno tangu machimboni. Mshonaji alihesabu moyoni. Hii ilikuwa siku ya kwanza. Safari hii zingekuwa ngapi? Mwezi? Mwaka?

"Nani mwingine aliuona?" fundi aliuliza ghafla.

Walitazamana. Kipimo ndiye aliyeanza, akiikunja kofia yake mikononi. "Mimi niliuona Ijumaa. Ule ufa. Niliumulika kwa tochi kabisa. Nikasema moyoni, fundi ni yeye, anajua zaidi yangu."

"Mimi siku ile ya korongoni niliusikia," mwokaji alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na mzaha. "Kitu kinalialia nyuma. Nikaongeza sauti ya kuimba."

Binti alikuwa dirishani, mgongo kwao. "Mimi niliukuta mstari wa nane umekatika Jumapili ileile tuliporudi, nikaufuta," alisema. "Nikaikaza nati, nikachora upya kwa rangi ya Mama. Kwa hiyo mstari ambao Mama aliukuta umekatika Jumatatu, ulikuwa wangu. Gari halikwenda popote usiku ule, ila Mjomba alilisukuma kulitoa mlangoni, na huo msukumo mdogo tu ukatosha kuukata."

Mshonaji aliketi. Mtoto wake na yeye, chini ya gari lilelile, kwa kichupa kilekile, kila mmoja akimficha mwenzake. Na baada ya hayo yote mtoto akapanda akafunga mkanda, kwa sababu kukataa kungemaanisha kusema kwa nini.

"Mnaniogopa," fundi alisema. Hakuwa akiuliza. "Sijawahi kumwinulia mtu mkono katika nyumba ile."

"Ni kweli," mkewe alijibu. "Lakini ukinyamaza, Baba, nyumba nzima inakosa hewa. Mimi hujiona nimekufa na sijazikwa. Nilikuwa tayari kukuacha upande mwamba na gari bovu, wewe na mtoto wangu, ili tu usininyamazie. Hebu fikiri nimefika wapi."

Fundi aligeuza uso ukutani. Pazia likavutwa, likaachiwa. Wote walikijua kimya kile, na kila mmoja akaanza kujikunja ndani yake kama kawaida. Kisha waliona bega lake zima linatikisika, wakafahamu kwamba analia. Alilia kitambo kirefu, na hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi.

"Haya," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Niambieni mengine."

"Mengine yapi?"

"Yote mliyoyaficha. Nimelala, mbavu zimevunjika, siwezi kwenda popote."

Mwokaji alijikuna shingo. "Fundi, lile geti ulilonitengenezea, huu mwaka wa tatu nalifungua kwa bega. Nimepata msuli upande mmoja."

Fundi alicheka, mbavu zikamuuma, akaguna, akacheka tena. Hewa ikarudi chumbani. Kisha binti akageuka kutoka dirishani.

"Baba, mimi nimepata kazi. Mji mwingine, mbali. Sitafungua karakana na wewe kama ulivyopanga. Barua ninayo tangu wiki tatu zilizopita."

Kicheko kikakatika. Mshonaji alimtazama mumewe, akauona uso ule ukianza kufunga: kwanza macho, kisha taya. Fundi alifumba macho. Midomo yake ilikaza, ikalegea, ikakaza tena, mtu anapambana pale kitandani kuliko alivyopambana na mwamba wowote.

"Barua iko wapi?" aliuliza, na sauti ilitoka kwa shida. "Njoo ukae hapa. Nisomee."

FUNZO

Ndugu zangu, tunapohesabu maovu ya nyumba zetu huanza na pombe, kipigo na uzinzi, na mtu asiyefanya hayo tunampa kiti cha mbele. Lakini yupo mtu mpole ambaye haambiliki, na upole wake unaweza kuua. Ukimwadhibu kwa kimya kila anayekuletea ukweli, usishangae siku utakapobaki na watu wanaokuchekea tu. Hawakuheshimu hao. Wanajiokoa.

Na sisi tunaosema "iko sawa" huku tunajua haiko sawa, tusijiite wapenda amani. Mshonaji alimpenda mumewe, binti alimpenda baba yake, Kipimo na mwokaji walimpenda rafiki yao, na kwa mapenzi hayohayo wakampakia yeye na mtoto kwenye gari lenye ufa. Kama kuna jambo nyumbani kwako unalolijua na hujalisema, liseme leo, mkiwa bado mmeketi chini, kila mtu na mikono yake mizima.